Simotas na Mamdani: njia mbili za kuwa mbunge wa jimbo New York, na ipi inakufaa wewe unayepiga kura

Dada mmoja wa Bukavu, anayeishi Buffalo na kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, alinipigia simu jioni moja akiwa ameikunjua karatasi ya kura mezani. Ilikuwa kura yake ya kwanza tangu apate uraia. "Kaka, hii karatasi ina majina mengi. Huyu wa Assembly ni nani tena? Congress si nimeshaiona hapa juu?" Nikamwambia aipige picha anitumie. Kwenye picha kidole gumba chake kilikuwa kimefunika nusu ya jina la mgombea wa chini kabisa, na huyo ndiye ambaye kazi yake ingemgusa kila mwisho wa mwezi kuliko wote waliokuwa juu yake.

Wengi wetu huku Marekani tunamjua rais, tunamjua gavana kwa jina, basi. Lakini kodi ya nyumba, nauli ya basi, leseni ya udereva, leseni ya uuguzi, mshahara wa chini wa mtu anayemwogesha mzee nyumbani kwake, mengi ya hayo huamuliwa na jimbo, si Washington. Katika jimbo la New York huamuliwa Albany, mji mkuu wa jimbo. Assembly, yaani baraza la chini, ina viti 150, Seneti ina 63, na wote hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka 2. Mwaka 2019 pekee Bunge hilo lilipitisha sheria nzito ya kuwalinda wapangaji, na nyingine iliyomruhusu mtu kuomba leseni ya udereva bila kujali hali yake ya uhamiaji. Anayeendesha gari kwenda zamu ya usiku anajua uzito wa hiyo ya pili.

Swali lake lilikuwa rahisi: nimchague yupi? Sikutaka kumtajia jina. Nilimpa mfano wa watu wawili waliowahi kugombea kiti kimoja, uchaguzi wenyewe ukiwa umeshapita, ili asiwepo wa kusema nampigia mtu debe.

Kiti kimoja, wazaliwa wawili wa Afrika

Eneo la 36 la Assembly liko Astoria, mtaa wa Queens katika jiji la New York, ng'ambo ya mto ukitazama kutoka Manhattan. Ni mtaa ulioshikwa na Wagiriki kwa miaka mingi. Ukifika Steinway Street unakuta maduka ya Wamisri na harufu ya shisha, na Wabangladeshi nao wamo kwa wingi. Tarehe 23 Juni 2020, katikati ya korona, wanachama wa chama cha Democratic wa eneo hilo walipiga kura ya mchujo, ya kumpata mgombea wa chama chao. Aliyeshikilia kiti alikuwa Aravella Simotas, wakili, bungeni tangu Januari 2011. Mpinzani wake alikuwa Zohran Mamdani, kijana wa miaka 28 ambaye alikuwa hajawahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wote wawili wamezaliwa Afrika. Simotas alizaliwa Zambia kwa wazazi Wagiriki, akaletwa Astoria akiwa mdogo sana na kukulia hapo hapo. Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, ni miongoni mwa Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Jina la katikati la kijana huyo ni Kwame, kwa heshima ya Nkrumah. Familia ilipita Cape Town kabla ya kufika New York akiwa na miaka 7, na uraia wa Marekani aliupata mwaka 2018, miaka 2 tu kabla ya kugombea.

Nayataja haya kwa sababu najua yanavyotuvuta. Mtu wetu akisikia "Kampala" moyo unaruka. Naomba uuzuie kidogo. Mahali mtu alipozaliwa hapakuambii atapigia kura nini saa sita usiku bajeti inapokaribia tarehe ya mwisho. Kama ni kuzaliwa Afrika, wote wawili wanacho, na bado walikuwa wagombea wa aina mbili tofauti kabisa.

Walikuwa wakifanya nini kabla?

Hapa ndipo ninapoanzia kila ninapomtazama mgombea. Shule alizosoma hunipa habari kidogo tu. Kazi yake ya kila siku ndiyo iliyomzoesha kusikiliza watu wa aina fulani, na masikio hayo hatayaacha mlangoni mwa Bunge.

Simotas alisomea sheria Chuo Kikuu cha Fordham, akafanya kazi ya uwakili. Alichaguliwa mwaka 2010 kujaza nafasi ya Michael Gianaris, aliyepanda kwenda Seneti, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa asili ya Kigiriki kuchaguliwa kushika ofisi katika jimbo la New York. Wakili anasoma sheria akitafuta neno moja lililokaa vibaya. Huo ndio utumishi wake wote ukiutazama kwa karibu: kutafuta neno lililokaa vibaya na kulitoa.

Mamdani alihitimu Bowdoin College huko Maine mwaka 2014, kisha akawa mshauri wa wenye nyumba waliokuwa karibu kunyang'anywa nyumba na benki. Fikiria kazi hiyo ilivyo. Unakaa na familia yenye mafaili ya barua za benki, unapiga simu, unasubiri kwenye laini, unaomba muda. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomsukuma kwenye siasa. Kando ya hiyo alikuwa akifanya kampeni za watu wengine mtaani, akigonga milango: ya baraza la jiji mwaka 2017, ya Seneti ya jimbo mwaka 2018, ya mwendesha mashtaka wa Queens mwaka 2019. Zote tatu walishindwa. Aligombea akiungwa mkono na jumuiya ya Wanasoshalisti wa Kidemokrasia wa Marekani, na mtandao wao wa watu wa kujitolea ndio uliompeleka milangoni.

Kwa hiyo mmoja amejifunza utumishi kwenye karatasi, mwingine kwenye ngazi za majengo ya wapangaji. Sisemi moja ni bora. Nasema utapata kitu tofauti.

Simotas: neno moja la sheria

Mwaka 2011, huko Manhattan, mwalimu mmoja alikuwa njiani kwenda kazini, siku yake ya kwanza katika shule mpya, alipovamiwa na polisi aliyekuwa nje ya zamu, mwenye bastola. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 2012, jopo la raia lilimtia hatiani polisi huyo kwa makosa mengine ya kingono, lakini lilishindwa kukubaliana kuhusu ubakaji wenyewe. Sababu ilikuwa tafsiri ya neno. Sheria ya New York ilitambua aina moja tu ya kuingiliwa kuwa ubakaji. Nyingine zote, hata kwa nguvu, hata kwa bastola, zilikuwa na jina jingine.

Simotas aliandika muswada wa kubadilisha tafsiri hiyo. Haukupita. Katika Bunge la New York, muswada usiopita ndani ya miaka 2 unakufa, na mwenye nao lazima aulete upya na kuanza safari tena. Aliuleta tena na tena. Alipopoteza kiti mwaka 2020 ulikuwa bado haujawa sheria. Ulichukuliwa na wengine, na Gavana Kathy Hochul akausaini Januari 2024. Ulianza kutumika Septemba 1 mwaka huo, zaidi ya miaka 11 tangu wazo lilipoanza, mwanzilishi wake akiwa ameshaondoka bungeni kwa zaidi ya miaka 3.

Sheria nyingine alizishuhudia akiwa bado kitini. Mwaka 2019, pamoja na Seneta Alessandra Biaggi, alisimamia mabadiliko ya sheria ya unyanyasaji wa kingono kazini. Kabla ya hapo mlalamikaji alitakiwa kuthibitisha kwamba aliyotendewa yalikuwa makali mno au yalikuwa yakitokea kila mara, kipimo kilichowafanya wengi kufungiwa mlango kabla ya kusikilizwa. Kipimo hicho kiliondolewa, na ulinzi ukafika kwa waajiri wa kila ukubwa, pamoja na wanaofanya kazi majumbani mwa watu. Nilipomweleza dada yangu wa Buffalo hilo, alinyamaza. Kisha akauliza: "Hata kama mwajiri ni mzee mmoja tu ndani ya nyumba yake?" Ndiyo, hata huyo. Mwaka huo huo bajeti ya jimbo ikabeba sharti alilolipigania, kwamba bima za waajiri wakubwa zilipie matibabu ya kupandikiza mimba hadi mizunguko 3.

Ukizitazama pamoja unaona ajenda yenye mstari mmoja: mwili wa mwanamke mbele ya sheria. Wakati huo huo, sijaona alama yake kubwa kwenye kodi ya nyumba au usafiri, mambo ambayo wapangaji wa Astoria waliyalalamikia mwaka 2020. Aliunga mkono sheria ya wapangaji ya 2019, lakini hakuwa uso wake. Nadhani hapo ndipo kiti kilipomponyoka. Korona ilikuwa imewatoa watu kazini, kodi haikusubiri, na mpinzani wake alikuwa akizungumzia kodi kila mlango. Matokeo yalichukua karibu mwezi mzima kwa sababu ya kura za posta. Mamdani alishinda kwa pengo la chini ya kura 500.

Mamdani: miguu yake ilipokuwa

Kitu kikubwa zaidi alichokifanya akiwa mbunge wa jimbo hakikuwa sheria kabisa. Huu ndio upande wa pili wa ulinganisho huu, na nilihitaji muda kuuelewa.

New York teksi ya njano inahitaji kibali, na alama yake ni bati dogo linalopigiliwa kwenye boneti. Miaka ya karibu na 2014 bei ya kibali kimoja ilipita dola milioni 1. Madereva, wengi wao wahamiaji, walikopeshwa wanunue. Kisha magari ya programu za simu yakaingia, bei ikaporomoka, deni likabaki palepale. Oktoba 2021 madereva waliketi nje ya makao ya serikali ya jiji na kugoma kula. Mamdani, akiwa hajatimiza mwaka bungeni, aliketi nao na hakula kwa siku 15. Tarehe 3 Novemba yalipatikana makubaliano: madeni yashushwe hadi dola 170,000, jiji liyadhamini, na malipo yasizidi dola 1,122 kwa mwezi. Chama cha madereva kilikuwa kimeupigania mwisho huo kwa miaka, na Chuck Schumer, seneta wa New York kule Washington, alikuwa mmoja wa waliousukuma, hivyo si haki kumpa Mamdani sifa yote. Lakini angalia vizuri. Makubaliano yale yalikuwa ya jiji, si ya jimbo. Mbunge wa Albany alitumia cheo chake na tumbo lake kwenye jambo ambalo kura yake bungeni haikuligusa.

Kwenye mabasi alifanya kazi ya Bunge yenyewe. Mamlaka ya usafiri wa New York iko chini ya jimbo, kwa hiyo nauli ni suala la Albany. Yeye na Gianaris walisukuma jaribio la basi la bure katika bajeti ya 2023, na kuanzia Septemba 2023 hadi mwisho wa Agosti 2024 njia 5, moja katika kila sehemu kuu ya jiji, hazikutoza nauli, wakati kwingineko abiria alilipa dola 2.90. Abiria waliongezeka kwa takriban asilimia 30 siku za kazi. Kisha bajeti iliyofuata haikulirefusha jaribio, na nauli ikarudi. Huu ndio udhaifu wa kitu kinachoingia kwa bajeti bila kuwa sheria ya kudumu: kinaweza kuzimwa kwa kutotajwa tu.

Alikuwepo pia katika mapambano ya kuzuia mtambo mpya wa umeme wa gesi Astoria, na idara ya mazingira ya jimbo ikaunyima kibali Oktoba 2021. Upande wa miswada, iliyobeba jina lake kama mdhamini mkuu na kuwa sheria ni michache sana, na katika mbio za umeya wa jiji za mwaka 2025 wapinzani wake walimshambulia kwa kukosa kuhudhuria kura nyingi huko Albany. Wapiga kura wa jiji walimsikiliza yeye zaidi. Alichaguliwa meya Novemba 2025 na kuapishwa Januari 1, 2026.

Basi nimchague yupi?

Dada alinirudisha hapo hapo, kwa sauti ya mtu mwenye zamu saa kumi na moja alfajiri. Nilimjibu kama ninavyokujibu wewe.

Kama shida yako iko ndani ya maneno ya sheria, tafuta mgombea wa aina ya Simotas. Diploma yako ya uuguzi haitambuliki, kesi yako ilitupwa kwa sababu ya tafsiri, bima imekataa kulipa: hayo hayatatuliwi kwa maandamano ya siku moja. Yanataka mtu atakayeuleta muswada ule ule mwaka wa kwanza, wa tatu, wa tano, bila kuchoka na bila kamera. Kubali pia kwamba huenda asisikike sana mtaani kwako, na matunda yakaja baada yake.

Kama sheria ipo lakini nguvu haipo, yaani benki au mwenye nyumba anakukandamiza na hakuna anayetazama, aina ya Mamdani itakufaa zaidi. Cheo chake kinavuta waandishi wa habari na wanasiasa wakubwa mahali ambapo wewe peke yako hungewavuta. Gharama yake ni kwamba macho hayo huhamia kwingine, na yeye mwenyewe anaweza kuhamia cheo kingine.

Mimi binafsi, kwa kiti cha Bunge la jimbo, huanza kwa kuegemea aina ya kwanza. Bunge ni mahali pa kutunga sheria, na sheria ya ubakaji ya 2024 inanishawishi kuliko hotuba yoyote niliyoisikia. Lakini ningekuwa dereva wa teksi wa mwaka 2021 nisingeandika sentensi hiyo.

Kumjua mgombea ni wa aina gani hakuhitaji fundi. Tovuti ya Seneti ya jimbo inaonyesha kila muswada, wa Seneti na wa Assembly, pamoja na majina. Tazama nani ni mdhamini mkuu na nani amejiunga tu. Kujiunga ni rahisi, mtu anaweza kuwa amejiunga na mamia. Kwa mwaka miswada zaidi ya 800 hupita mabaraza yote mawili, kwa hiyo uliza ile ya kwake imefika wapi: imelala kamatini, imepita baraza moja, au imesainiwa na gavana? Mgombea mpya ambaye hajawahi kukaa bungeni mpime kwa kazi yake ya kabla. Alimtetea nani alipokuwa hana cheo?

Na kuna jambo ambalo huwaponyoka wahamiaji wengi. Katika maeneo kama Astoria uamuzi wenyewe hufanyika kwenye mchujo wa Juni. Novemba ni kuthibitisha tu. New York mchujo ni wa wanachama peke yao: kama hujajiandikisha na chama, hupewi karatasi. Anayejiandikisha kupiga kura kwa mara ya kwanza anatakiwa kufanya hivyo angalau siku 10 kabla. Aliyekwisha kujiandikisha na anataka kubadili chama, mwisho ni Februari 14, miezi minne kabla ya mchujo wenyewe. Nimewaona watu wazima wakirudishwa kituoni wakiwa na vitambulisho vyote mkononi.

Dada yangu hakuwa mwanachama wa chama chochote, na karatasi aliyoikunjua ilikuwa ya Novemba. Aligeuza bahasha ya kura na kuandika maswali mawili kwa kalamu ya mwanawe, akanisomea kwa Kiswahili kabla ya kuyageuza kwa Kiingereza. La kwanza: muuguzi aliyesoma Bukavu miaka mitatu na kufanya kazi hospitali miaka sita, afanye nini ili jimbo litambue kazi yake? La pili: mshahara wetu sisi tunaokaa na wazee, utapigia kura uongezwe au upunguzwe?

Alizipigia simu ofisi za wagombea wote wawili kesho yake, baada ya zamu. Ya kwanza ilimwachia mashine. Ya pili ilipokewa na kijana aliyesema hajui jibu la swali la leseni, akaomba namba, akapiga tena Ijumaa akiwa na jina la ofisi ya jimbo inayoshughulikia leseni za taaluma na orodha ya nyaraka. Kuhusu mshahara alisema mgombea wake angeongeza, na akamtajia muswada kwa namba. Dada aliifungua tovuti, akautafuta, akautazama mstari wa wadhamini. Akanipigia. "Kaka, jina lake ni la kwanza."

Kisha akaniuliza jinsi ya kujaza fomu ya uanachama wa chama kabla ya Februari.